Tangu Apdeti, Mama Haimbi

4 Februari

Mwanangu Fundi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi na shangazi yako tu wazima. Mgonjwa ni kile kisanduku chako cha muziki.

Juzi nilikiwasha baada ya chai kama kawaida yangu. Badala ya kuimba, kikaniletea maandishi kwenye kioo: kuna programu mpya, je, iwekwe? Ndiyo au Baadaye. Mimi ni mtu wa adabu, nimeulizwa vizuri, nikajibu Ndiyo. Kikazima, kikawaka, kikazima tena, taa ikawa inapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga. Kilipoamka kilikuwa kiumbe kingine. Sasa kinaimba mistari miwili, kinakata, kinaruka mbele, kinaendelea pale kinapotaka chenyewe. Kwaya yangu nzima imeshikwa na kwikwi.

Wewe ndiye uliyezihamisha zile kanda zetu za zamani ukazitia humo, kwa hiyo wewe ndiye daktari wake. Najua msimu wa maonyesho umeanza huko ukumbini kwenu na hupati hata muda wa kukaa. Lakini tangu mama yako atutoke, unajua mchana wangu unavyopita. Ule wimbo wake ndio unaonivusha mpaka jioni.

Usipige simu. Simu yangu nayo siku hizi inaongea kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Niandikie, nitasoma taratibu.

Ukitaka habari za kwaya, nimewaachia vijana. Magoti hayataki tena kusimama.

Baba yako


5 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na mgonjwa. Usijilaumu kwa kubonyeza Ndiyo, hata mimi ningebonyeza. Apdeti hizi huja na dawa ya ugonjwa mmoja mfukoni na ugonjwa mwingine mkononi.

Kukatakata namna hiyo kwa kawaida ni mtandao. Kisanduku hakina nyimbo tumboni mwake. Kinazivuta kutoka kwenye ile diski iliyo kabatini, kupitia mtandao wa nyumba. Nadhani apdeti imekifanya kisahau waya na kianze kuvuta hewani, na kuta zetu ni nene. Fanya hivi. Chomoa umeme wa kisanduku na wa ruta, ile nyeusi yenye taa. Kunywa maji. Washa ruta kwanza, uache taa zake zitulie, ndipo uwashe kisanduku. Kisha chukua waya wa bluu ulio kwenye droo ya chini, uchomeke nyuma ya kisanduku na mwisho wake mwingine kwenye ruta. Mwisho, ingia kwenye mipangilio uzime waifai.

Magoti yamekuanza lini? Mbona hukuniambia? Kuiacha kwaya si jambo la kutajwa mwishoni mwa barua kama habari ya mvua.

Nakuandikia nikiwa nyuma ya jukwaa. Mpiga tarumbeta anajaribu maikrofoni na anataka kunitoboa kichwa.

Mwanao


9 Februari

Fundi wangu,

Nimefanya yote, hata maji nimekunywa. Shangazi yako aliponisikia nikisema nazima waifai, alikuja mbio kutoka jikoni. Anasema wifi aliyekuwa naye duniani ni mmoja tu na ameshazimika, mimi nazima yupi tena. Tulicheka, kisha hatukucheka.

Kwikwi imepona. Wimbo unakwenda mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Hapo nakupa hongera.

Lakini sasa kuna jambo baya zaidi, na nataka ulisome kwa makini. Kinanda kipo. Besi wapo, wananguruma kama walioshiba. Sauti ya tatu nao wapo. Inafika zamu ya mama yako, pale kwaya yote inapojitenga na kumwachia njia apande peke yake, na hapo panakuwa shimo. Kinanda kinaendelea kumsindikiza mtu ambaye hayupo.

Nimerudia mpaka nimechoka. Apdeti imemfuta mama yako. Sijui kama hao wanaotengeneza hizi programu wana wake.

Baba yako


10 Februari

Baba,

Tulia kwanza. Apdeti haiwezi kumfuta Mama. Yeye yuko kwenye diski, na mimi ninayo nakala yake huku. Apdeti inagusa kisanduku tu.

Nina wazo. Wimbo ule mliurekodi kwa maikrofoni mbili, na Mama alisimama upande wa kushoto. Ukiangalia picha yenu utaona. Spika ya kushoto ikinyamaza, ataondoka yeye pamoja na wasichana wa sauti ya kwanza, watabaki kina besi. Huenda apdeti imevuruga mizani ya spika. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, uone kile kialama kama kiko katikati. Kikiwa katikati, zima kila kitu, badilisha nyaya za spika, ya kushoto iende kulia. Zina rangi, huwezi kukosea. Na ukikuta pameandikwa "kupunguza makali", ondoa, hiyo hufifisha sauti za juu.

Shangazi akushikie tochi. Usiiname sana na hayo magoti.

Mwanao


15 Februari

Fundi,

Kialama kiko katikati. Makali nimeyaondoa. Nyaya nimezibadilisha, nikazirudisha, nikazibadilisha tena. Mama yako hayupo kushoto wala kulia.

Niliwaandikia wenyewe waliotengeneza. Wakanijibu wanathamini sana maoni yangu. Maoni! Nimewaambia kuna mtu amepotea ndani ya mashine yao.

Siku hizi hakuna kinachotengenezwa kwa moyo. Tumenunua birika jipya, lile la kupiga mluzi maji yakichemka. Halipigi. Maji yalikauka mpaka likaungua chini, shangazi yako akanitazama kama mimi ndiye niliyelitengeneza. Kengele ya mlangoni nayo imekufa. Hata ndege wa uani wamehama, sijui kuna paka gani.

Nakuomba uingie kwenye hicho kisanduku wewe mwenyewe kutokea huko, kama ulivyofanya ulipokiweka. Nitabonyeza ruhusa itakapotokea. Mtafute.

Baba yako


16 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwenye simu yako, si kwenye tableti ya Baba, na naomba barua hii iishie kwako kwanza.

Leo niliingia kwenye kisanduku nikiwa huku kazini. Nikaucheza wimbo, nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza kile hasa kinachotoka kuelekea kwenye spika za sebuleni. Mama yupo. Yupo mzima, mpaka pale anapovuta pumzi kabla ya kupanda. Mpiga tarumbeta akaniuliza kwa nini nalia kazini, nikamwambia ni vumbi la nyaya.

Kwa hiyo ama spika zote mbili zimekufa kwa namna ambayo sijawahi kuiona, ama ni jambo jingine. Fanya hivi, Shangazi. Ukae sebuleni, ucheze ule wimbo, uniambie unasikia nini. Halafu uniambie kama birika linapiga mluzi.

Mwanao


18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sikuhitaji kuucheza. Nyumbani humu unachezwa kila siku, tena kwa sauti ambayo jirani ameshakuja kuulizia kulikoni. Ninamsikia wifi yangu kama yuko bafuni anaoga. Na birika linapiga mluzi wa kuamsha mtaa. Kengele ya mlangoni nzima. Ndege wamejaa uani wananichafulia nguo kwenye kamba.

Nilimwahidi sitasema. Lakini wewe umeuliza, na mimi nimechoka kuwa masikio ya mtu asiyetaka kukiri kuwa ananiazima.

Si magoti, mwanangu. Ilikuwa siku ya mazoezi, kabla hata ya hiyo apdeti, mimi nimekaa nyuma namsubiri tupite sokoni. Akasimamisha wimbo, akawageukia wasichana wa sauti ya kwanza. "Mbona mmenyamaza? Mnaogopa nini?" Wakatazamana. "Tunaanza tena," akasema. Wakaanza. Waliimba mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Akagonga meza kwa kile kijiti chake. "Nimesema imbeni!" Ukumbi ukawa kimya kweli sasa. Mmoja wao, yule mwembamba anayependwa na wote, akaanza kulia. Kaka akamtazama mdomo unavyotetemeka. Hapo nikamwona anaelewa. Akaweka kijiti juu ya meza, akavaa kofia yake, akawaambia magoti yanamsumbua. Njiani akaniambia, "Dada, mtoto asijue."

Nikuambie jambo jingine. Kisanduku kilipoharibika kweli, zile siku za kwikwi, alifurahi. Alikuwa anazunguka sebuleni na bisibisi anapiga miluzi. Alikuwa amepata kitu cha kulaumu. Ulipokitengeneza, akarudi kukaa na shavu lake likigusa spika, amefumba macho, anasubiri.

Hospitali hataki kusikia. Mwambie wewe. Mimi ataninunia mwezi mzima, na tunakula meza moja.

Shangazi yako


21 Februari

Baba,

Nimeiandika barua hii na kuifuta mara kadhaa. Sasa naandika bila kupamba.

Kisanduku ni kizima. Spika ni nzima. Nimesikiliza kutokea huku na Mama anaimba pale pale alipokuwa akiimba siku zote. Shangazi naye anamsikia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemuuliza. Birika linapiga mluzi, Baba. Ndege hawajahama.

Ninafanya kazi na watu wa muziki na nimeyaona haya. Masikio huanza kupoteza juu, yanashuka kidogo kidogo, na mwenyewe hajui kwa sababu hakuna anayeweza kusikia kitu kisichosikika. Besi wanabaki. Wanaoondoka kwanza ni wale wa juu.

Naomba uende ukapimwe. Kuna vifaa. Sijui vitarudisha kiasi gani, na sitaki kukudanganya. Ningekuwa hapo ningekushika mkono tukaenda. Mkataba wangu hauniruhusu kutoka mpaka msimu uishe, na kila siku nainamia mitambo ya watu wengine nikiwatengenezea sauti.

Pole, Baba. Pole sana.

Mwanao


22 Februari

Binti,

Barua yako nimeipata na nimeisoma.

Miaka yote niliyofundisha, nilikuwa namtambua mwanafunzi aliyeteleza katikati ya watu hamsini, kwa jina, nikiwa nimewapa mgongo. Sihitaji kufundishwa besi ni nani na wanabaki wapi.

Kabla ya apdeti nilikuwa namsikia mama yako. Baada ya apdeti simsikii. Mtu yeyote mwenye akili timamu ataona kosa liko wapi. Naomba unitumie namna ya kurudisha programu ya zamani. Hilo tu.

Mwalimu


23 Februari

Baba,

Sitabishana nawe.

Programu ya zamani nimeipata kwa mtu ninayefahamiana naye, nimekuambatishia hapa. Iweke kwenye flashi tupu, isiwe na kitu kingine. Zima kisanduku. Chomeka flashi nyuma. Bonyeza kile kitufe kidogo chini yake kwa ncha ya kalamu, usikiachie, huku Shangazi anawasha umeme. Taa ikiwa nyekundu, achia. Usiguse kitu mpaka iwe nyeupe. Kikikuuliza tena kuhusu programu mpya, bonyeza Baadaye.

Baada ya hapo kitakuwa kama kilivyokuwa Januari, kwa kila kitu.

Niandikie ukimaliza. Lolote litakalotokea, niandikie.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Naandika mimi kwa sababu yeye hataandika.

Tulifanya kama ulivyoagiza. Mimi niliwasha umeme, yeye alishika kalamu. Nikamwambia niachie mimi, akakataa. Taa ikawa nyeupe. Sura ya kioo ikarudi ile ya zamani, hata mimi niliitambua. Akafurahi, akaniambia, "Unaona? Unaona?" Akavuta kiti chake, akaniwekea na mimi kiti, kama tuko kwenye onyesho.

Wimbo ukaanza. Mimi namtazama yeye, yeye anatazama spika. Kidole chake kinahesabu juu ya goti. Ikafika ile sehemu. Kidole kikasimama.

Wifi yangu akaimba. Ee mwanangu, aliimba siku ile kuliko siku zote, au mimi ndiye niliyekuwa na masikio ya mtu mwenye hatia.

Akaniuliza bila kunigeukia, "Anaimba sasa hivi?"

Nikamwambia, "Anaimba, kaka."

"Amefika wapi?"

Mimi si mtu wa nota, unanijua. Nikamwambia, "Hapo anapokuwa kama anapanda ngazi nyembamba."

"Amefika juu?"

"Bado kidogo." Kisha nikasema, "Sasa amefika."

Akatikisa kichwa polepole. Hakulia. Alisubiri wimbo uishe wote, akakizima kisanduku kwa mkono wake, akakifuta vumbi kwa leso, akaenda kusimama uani chini ya kamba ya nguo. Ndege walikuwa wanapiga kelele juu ya kichwa chake. Alikuwa anawatazama midomo.

Aliporudi ndani akasema nimtafutie koti lake zuri, twende hospitali. Tumepewa tarehe.

Shangazi yako


2 Machi

Baba,

Leo sina hatua za kukuandikia. Sina waya wala kitufe. Nimekaa tu na barua ya Shangazi.

Niko hapa.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Unisamehe kwa ukimya, na kwa ile barua niliyoisaini Mwalimu. Baba ndiye aliyekuwa na hofu, akamsukuma Mwalimu mbele.

Nimepimwa. Daktari ni binti mdogo, mpole, alinifungia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji na kunipa kitufe, nibonyeze kila nikisikia. Nilikaa muda mrefu nikidhani bado hajaanza. Aliponifungulia mlango, alikuwa amemaliza. Akanichorea mstari kwenye karatasi. Unatembea vizuri, halafu unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Akasema nilichopoteza hakirudi. Nikamwambia ahsante, kwa sababu alikuwa ameniangalia usoni akinena.

Nimepewa vifaa vya masikioni. Kwa mazungumzo vinasaidia. Namsikia shangazi yako, na kumbe alikuwa akinisema sana nikiwa nimempa mgongo. Birika nalisikia pia, ingawa linalia kama mtu anayekwaruza sufuria.

Najua unalotaka kuniuliza. Nilivivaa, nikakaa, nikaucheza. Nilisikia kitu pale palipokuwa na shimo. Kilikuwa chembamba, cha bati, kinapanda pale anapopanda yeye na kushuka pale anaposhuka. Nilisikia wimbo, mwanangu. Yeye sikumsikia. Nilidhani nikipata kimoja nitapata na kingine. Nimevivua, sijavivaa tena kwa muziki.

Kinachoniogopesha zaidi ni hiki, nakuambia wewe tu. Zamani nilikuwa naye kichwani, mzima, nikimtaka anakuja. Siku hizi nikimwita anakuja ameshuka sauti kidogo. Daktari hana karatasi ya kupimia hilo.

Msimu ukiisha uje, lakini usije na vifaa vyako vya ufundi. Kisanduku hakina shida yoyote. Juzi kiliniuliza tena kama nataka programu mpya, nikabonyeza Ndiyo, ya nini kukisumbua.

Mchana bado nakiwasha. Shangazi yako huleta nguo zilizokauka, akakaa kwenye kochi kuzikunja, nami nakaa mkabala naye. Kinanda nakisikia, besi nawasikia, na tangu nimebaki nao nimegundua kuna mmoja alikuwa anachelewa miaka yote hiyo na mimi sikuwahi kumshika. Kisha wanajitenga, panakuwa shimo. Hapo namtazama dada yangu. Anakunja, anakunja, kisha mikono yake inasimama juu ya shuka. Ndivyo ninavyojua mama yako ameanza. Inakaa hapo, haisogei, mpaka amalize.

Baba yako